Huduma za VVU kwa walio katika hatari kubwa: zinamhusu vipi mama wa Usangi?

Ukisikia redioni kwamba kuna mradi wa VVU kwa ajili ya "makundi yaliyo katika hatari kubwa", ni rahisi kudhani hayo ni mambo ya Dar es Salaam au ya baa za kando ya barabara kuu. Yanaonekana hayaihusu nyumba iliyozungukwa na migomba huku juu Usangi. Lakini jaribu kuhesabu ni wangapi wa nyumba yako walioteremka mlimani mwaka huu. Kuna baba watoto aliye dereva au utingo wa lori. Kuna kijana aliyekwenda kuvua Nyumba ya Mungu au kuchimba Mererani. Kuna binti aliyepata kazi ya kuhudumia chakula na vinywaji Mwanga mjini, Same au Himo. Wote hao wanarudi nyumbani kwa Krismasi, kwa Idi, kwa msiba au kwa harusi. Wanaporudi, wanarudi kwa wake zao, kwa wachumba wao na kwa watoto waliowaachia bibi.

Makala hii inaeleza makundi hayo ni yapi, huduma zinazowalenga zinafanyaje kazi, wapi zilikosea na jinsi zinavyorekebishwa, na wewe mama au mlezi unaweza kudai nini ukifika kituoni.

Hatari iko wapi

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kuwa asilimia 4.4 ya Watanzania wenye miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU. Kwa wanawake ni asilimia 5.6 na kwa wanaume ni asilimia 3.0. Hiyo ni picha ya nchi nzima. Ndani yake kuna sehemu ambako virusi vimejaa zaidi na sehemu ambako ni vichache.

Mfano wa karibu na sisi ni Moshi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walipima wanawake zaidi ya 1,000 waliokuwa wakifanya kazi katika baa na hoteli za mji huo, na karibu mmoja kati ya watano alikutwa na VVU. Wengi wa wanawake hao hawakujiona kama watu wanaouza ngono. Walijiona wahudumu wenye mshahara mdogo, wenye watoto wa kusomesha, na wenye wateja wanaotoa fedha ya ziada kwa masharti yao. Ukikaa na mtu wa namna hiyo ukamwuliza, "Wewe ni kundi maalumu?" atakukatalia, na atakuwa anasema kweli kwa jinsi anavyojifahamu.

Miongozo ya Wizara ya Afya inataja kwanza wanawake wanaofanya biashara ya ngono, wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume, na watu wanaojidunga dawa za kulevya. Kisha inataja watu ambao mazingira yao yanawaweka hatarini: wavuvi, wachimbaji madini, madereva wa safari ndefu, wafanyakazi wa mashambani wanaohamahama, wafungwa, na wasichana na wanawake vijana. Ukiitazama ramani ya Upare, orodha hiyo ya pili imepangwa kama vituo vya basi. Barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam na Tanga inapita chini ya milima yetu, Mwanga hadi Same na Hedaru, na malori yanalala njiani. Kisangara kuna mashamba ya mkonge. Nyumba ya Mungu kuna kambi za wavuvi. Makanya wanachimba jasi. Mererani, ng'ambo ya tambarare, kuna tanzanaiti.

Hatari hailetwi na tabia mbaya peke yake, ingawa ndivyo tunavyopenda kusema vikaoni. Inaletwa na kukaa miezi mbali na nyumbani, fedha inayopatikana kwa siku moja na kuisha usiku huohuo, kutokuwa na mahali pa kulala penye usalama, na kukosa nguvu ya kusema "bila kondomu hapana". Mwanamke aliyeolewa na kutulia nyumbani anaweza kuwa hatarini kuliko anavyojua, kwa sababu tu ya kazi ya mumewe.

Kwa nini huduma za mwanzo ziliwakosa wengi

Kliniki nyingi hufunguliwa asubuhi na hupunguza huduma mchana. Mhudumu wa baa analala alfajiri. Mvuvi yuko majini usiku na anauza samaki asubuhi. Dereva anapita saa nane usiku. Huduma iliyopangwa kwa saa za ofisi inamhudumia mtu wa ofisi. Hili halikuhitaji utafiti mkubwa kulijua, lakini ilichukua miaka mingi kulifanyia kazi.

Jambo la pili ni aibu. Katika mji mdogo kila mtu anamjua nesi, na nesi anamjua shangazi yako. Mtu akionekana amekaa kwenye benchi la CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo, kabla hajafika nyumbani habari imeshapanda mlima. Ndiyo maana wapo Wapare wanaochukua dawa mbali na kwao na kulipa nauli kila safari, na siku nauli ikikosekana dawa nayo inakatika.

La tatu ni mivutano ya sera. Mwezi Februari 2017 Serikali ilisimamisha huduma za VVU zilizokuwa zikitolewa na vituo 40 vya asasi kwa makundi haya, ikisema vilikuwa vinahamasisha mapenzi ya jinsi moja. Wizara ilieleza kwamba huduma zitaendelea kutolewa katika vituo vya umma. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu uamuzi ule. Kwa upande wa afya, matokeo yake yanaeleweka kirahisi: mtu aliyezoea kwenda mahali anapofahamika na asikosemewe, ukimwambia aende mahali asipofahamika, siku nyingi hataenda. Na wengi wa watu hao wana wake, waume na watoto.

Kilichoonekana kufanya kazi ni waelimishaji rika. Huyu ni mtu wa kundi lenyewe aliyefunzwa: mhudumu wa baa anayewaelimisha wahudumu wenzake, mvuvi anayezungumza na wavuvi, kijana aliyeacha heroini anayewafuata walio maskani. Anajua saa ambayo watu wanapatikana na lugha wanayoielewa. Anagawa kondomu na vipimo, kisha anamsindikiza mtu hadi kituoni ili asipotee njiani. Huduma za jioni na za mkoba, zinazofuata watu kambini badala ya kuwasubiri, nazo zimesaidia. Kwa watu wanaojidunga, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa dawa ya methadoni mwaka 2011, na baadaye huduma hiyo ikafika miji mingine. Mtu akinywa methadoni kila siku haja ya sindano inapungua, na hatari ya kushirikiana sindano inapungua nayo.

Kiungo kilicho dhaifu ni kupima

Utafiti ule wa 2022 na 2023 una takwimu tatu zinazofaa kusomwa pamoja. Kati ya watu wazima wanaoishi na VVU, asilimia 82.7 walikuwa wanajua hali zao. Kati ya waliojua, asilimia 97.9 walikuwa wanatumia dawa. Kati ya waliotumia dawa, asilimia 94.3 walikuwa wamefubaza virusi. Maana yake ni kwamba Mtanzania akishajua ana VVU, kwa kawaida anaanza dawa na dawa zinafanya kazi. Tunakwama kwa wale ambao hawajui.

Ndiyo sababu ya vipimo vya kujipima mwenyewe. Sheria ya kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 ilirekebishwa mwaka 2019, kujipima kukaruhusiwa, na umri wa kijana kupima bila kusubiri ridhaa ya mzazi ukashushwa kutoka miaka 18 hadi 15. Kipimo kinachotumiwa sana ni cha kinywani. Unapitisha kijiti kwenye fizi za juu na za chini, unakitumbukiza kwenye kichupa cha maji yake, unasubiri dakika 20. Usile wala kunywa kitu kwa dakika 15 kabla ya kupima.

Mstari mmoja kwenye herufi C maana yake hakuna dalili ya VVU. Mistari miwili maana yake unahitaji kwenda kituoni kuthibitisha kwa vipimo vya damu, kwani kipimo hiki peke yake hakimpi mtu jibu la mwisho. Kuna tahadhari mbili ambazo watu huzisahau. Ya kwanza: aliyeambukizwa wiki chache zilizopita anaweza kuonyesha mstari mmoja, hivyo arudie baada ya miezi mitatu. Ya pili: mtu anayetumia ARV tayari asijipime kwa kipimo hiki "kuona kama amepona". Dawa zinaweza kukifanya kipimo kisione kitu, mtu akaacha dawa, na virusi vikarudi kwa nguvu.

Kipimo hiki ni njia nzuri ya kumfikia baba ambaye kliniki kwake ni mahali pa wanawake. Mjamzito anaweza kuuliza kituoni kama wana kipimo cha kumpelekea mwenzi wake. Lakini mama, kama unajua mwenzi wako ana hasira ya mkono, usikipeleke kipimo nyumbani kwa kulazimishwa na mtu yeyote. Mwambie mhudumu ukweli huo. Anazo njia nyingine za kumfikia bila kukutaja.

Dawa kinga kwa asiye na VVU

Watu wengi bado wanachanganya dawa kinga, inayojulikana kama PrEP, na ARV za matibabu. PrEP hutumiwa na mtu ambaye amepimwa akakutwa hana VVU lakini yuko mahali pa hatari. Ni kidonge kimoja kila siku. Kikimezwa bila kuruka, kinga yake ni kubwa sana.

Anaifaa nani? Mwanamke ambaye mume wake ana VVU na virusi bado havijafubazwa. Binti anayefanya kazi baa. Mke wa mtu anayekaa mbali miezi mingi na ambaye mazungumzo ya kondomu nyumbani yanaleta ugomvi. Mjamzito na anayenyonyesha wanaweza kuitumia, ni salama kwao na kwa mtoto. Mwanamke anahitaji kuimeza angalau siku saba mfululizo kabla ya kuitegemea, na afuate maelekezo ya mhudumu wake kama atamwambia asubiri zaidi. Siku za mwanzo wapo wanaosikia kichefuchefu au kichwa kuuma, na mara nyingi huisha ndani ya wiki chache. Kila baada ya miezi mitatu hupimwa VVU tena.

PrEP haizuii mimba. Haizuii kaswende wala kisonono. Kondomu inabaki na kazi yake.

Tatizo lake kubwa ni kopo. Linafanana na kopo la ARV, na likitikiswa linalia vilevile. Mama mkwe akiliona kabatini, hatauliza, atahukumu. Wanawake wengi huhamishia vidonge kwenye kifuko cha kitambaa au kwenye kopo jingine kavu lenye mfuniko unaobana. Hilo linakubalika, ilimradi visipate unyevu wala jua na visiwe mahali mtoto anapofika.

Ipo pia habari ya sindano. Utafiti mkubwa uliofanyika Uganda na Afrika Kusini, matokeo yake yakatangazwa mwaka 2024, uliwapa wasichana na wanawake vijana 2,134 sindano ya lenacapavir mara mbili kwa mwaka, na hakuna hata mmoja wao aliyeambukizwa VVU. Julai 2025 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza itumike. Kwa mtu anayeishi chumba kimoja na watu wanne, sindano isiyoachia kopo nyumbani ni jambo kubwa kuliko wataalamu wanavyoweza kulieleza. Uliza kituoni kwako huduma hiyo imefikia wapi.

Mjamzito na anayenyonyesha: pima zaidi ya mara moja

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watoto wanapopotea.

Mama mwenye VVU asipopata huduma yoyote, uwezekano wa kumwambukiza mtoto wakati wa mimba, kujifungua na kunyonyesha ni kati ya asilimia 15 na 45. Akitumia dawa vizuri, unashuka chini ya asilimia 5. Tangu mwaka 2013 Tanzania ilianza kuwapa dawa za maisha wajawazito wote wenye VVU bila kusubiri CD4 ishuke, na mwaka 2016 utaratibu huo ukawa wa kila mtu anayekutwa na VVU.

Lakini mwanamke anayepima akiwa na mimba ya miezi mitatu, akaambiwa hana VVU, hajahakikishiwa miezi sita inayofuata. Mume anarudi likizo. Mama anaambukizwa akiwa mjamzito au akinyonyesha, na hajui, kwa kuwa kadi yake ya kliniki inasema yuko salama. Mtu aliyeambukizwa karibuni huwa na virusi vingi mno mwilini, hivyo mtoto aliye tumboni au kwenye titi anakuwa katika hatari kubwa kuliko mtoto wa mama aliyejua hali yake zamani na yuko kwenye dawa. Watoto wengi wanaoambukizwa siku hizi wanatoka kwa akina mama wa namna hii, na kwa akina mama waliokatiza dawa.

Kwa hiyo mwongozo unataka upimwe hudhurio la kwanza, upimwe tena miezi mitatu ya mwisho ya mimba, na upimwe unaponyonyesha. Nesi akisahau, mkumbushe. Sema tu: "Dada, nilipimwa mwezi fulani, naomba nirudie." Huna haja ya kueleza kwa nini.

Mama mwenye VVU ananyonyesha kama mama mwingine, maziwa yake peke yake miezi sita, kisha anaendelea pamoja na vyakula vingine huku akitumia dawa bila kuruka. Katika miezi hiyo sita uji mwepesi na maji ya kutuliza kiu havitakiwi, hata kama bibi amelea wanane kwa njia hiyo. Mtoto hupewa dawa ya kinga ya nevirapini kwa wiki sita tangu kuzaliwa, au dawa mbili kwa muda mrefu zaidi kama hatari yake ni kubwa. Kuanzia wiki ya sita anapewa pia kotrimoksazoli. Damu ya kisiginoni huchukuliwa kwenye karatasi maalumu na kupelekwa maabara akiwa na wiki sita, hurudiwa akiwa na miezi tisa, na kipimo cha mwisho hufanyika akiwa na miezi 18 au baada ya kuachishwa ziwa. Jibu la wiki sita si jibu la mwisho. Wapo akina mama wanaolishangilia na hawarudi tena.

Bibi unayelea mjukuu

Usangi kuna bibi wengi waliobaki na wajukuu. Mama wa mtoto yuko tambarare, au Dar, au alishafariki. Mtoto aliletwa na nguo zake kwenye mfuko wa plastiki, kadi ya kliniki haikuletwa, na hakuna aliyetaka kuuliza.

Bibi, una haki ya kumpeleka mtoto huyo akapimwe. Kwa mtoto wa chini ya miaka 15, mzazi au mlezi ndiye anayetoa ridhaa. Usisubiri mama yake aje kusema. Nenda hasa kama mtoto haongezeki uzito, anaugua kifua mara kwa mara, ana utando mweupe mdomoni usioisha, masikio yanatoka usaha, au ana kaka au dada aliyefariki mdogo. Mtoto aliyezidi miezi 18 hupimwa kwa kipimo cha kawaida. Aliye chini ya hapo anahitaji kile cha karatasi, kwa sababu kipimo cha kawaida kinaweza kuonyesha kinga iliyotoka kwa mama yake na si maambukizi yake mwenyewe. Hata mtoto wa miaka tisa au kumi ambaye hajawahi kupimwa anaweza kuwa alizaliwa nayo. Wapo wanaofika umri huo wakionekana tu wadogo kuliko wenzao.

Akikutwa na VVU, dawa za watoto za sasa si zile za maji zenye uchungu, zilizohitaji kubebwa kama mzigo wa maziwa. Dolutegraviri ya watoto ni kidonge kidogo kinachoyeyuka kwenye maji safi, chenye ladha ya matunda. Ukiyeyushe, mtoto anywe yote, kisha suuza kikombe kwa maji kidogo naye anywe. Kidonge hicho asikitafune. Dozi hubadilika kadiri anavyoongezeka uzito, kwa hiyo kila hudhurio apimwe kwenye mizani. Mtoto aliyenenepa na kubaki na dozi ya zamani anakunywa dawa pungufu.

Kumwambia mtoto ukweli huwa kugumu kuliko dawa. Shirika la Afya Duniani linashauri aelezwe kidogokidogo kati ya miaka 6 na 12, kwa kadiri anavyoelewa. Mwanzoni inatosha kusema kwamba mwilini kuna wadudu waliolala na dawa inawalaza wasiamke. Baadaye jina la ugonjwa. Watoto tunaowadanganya kwamba ni dawa ya kifua wanaweza kuja kugundua wenyewe shuleni, na wapo wanaoacha dawa kwa hasira. Mwombe mhudumu wa CTC akusaidie kupanga maneno, si lazima ubebe peke yako.

Misaada ilipoyumba

Huduma nyingi zilizotajwa hapa, hasa za waelimishaji rika na za mkoba, zililipiwa na mpango wa Marekani wa PEPFAR ulioanza mwaka 2003. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na watumishi wengi wa mikataba waliolipwa kwa fedha hizo walisimama kazi. Mwezi uliofuata baadhi ya huduma ziliruhusiwa kuendelea, lakini kwa fedha hizo PrEP ikaruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu.

Tazama maana yake. Binti wa baa asiye na mimba, ambaye ndiye dawa ilimlenga, aliachwa nje. Mama mjamzito alibaki ndani, na hilo ni jema, lakini anayemwambukiza mama mjamzito ni mume ambaye aliambukizwa mahali fulani. Ukiondoa kinga huko chini barabarani, unaongeza kazi kwenye kliniki ya mama na mtoto huku juu. Wanaosema huduma za makundi maalumu ni upendeleo kwa watu fulani hawajaitazama njia ambayo kirusi kinapita.

Dawa za ARV zenyewe ni bure katika vituo vya umma. Aliye imara kwenye dawa anaweza kupewa za miezi mitatu na hata sita kwa mara moja. Kama kijana wako anakwenda kambini au safari ndefu, aombe hizo kabla ya kuondoka. Pia abebe kadi yake ya CTC. Ikiisha dawa akiwa ugenini, anaweza kuingia CTC yoyote nchini na kadi hiyo akapewa za kumfikisha nyumbani. Hahitaji kurudi Usangi ndipo apate, wala kuazima vidonge kwa mwenzake.

Mtu anayetumia dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo cha wingi wa virusi hamwambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa. Kwa wenza ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, na wanataka mtoto, huo ndio msingi wa mpango wao. Wamwone mhudumu pamoja kabla ya kutafuta mimba.

Saa 72

Binti au kijana akibakwa, kondomu ikipasuka na mtu mwenye VVU au asiyejulikana hali yake, au mhudumu wa nyumbani akichomwa na sindano iliyotumika, kuna dawa za dharura zinazoitwa PEP. Zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri mtu anavyowahi ndivyo zinavyosaidia zaidi. Humezwa kwa siku 28. Kwa aliyebakwa, usimwogeshe na usifue nguo zake. Mpeleke hospitali moja kwa moja, fomu ya polisi namba tatu, PF3, inaweza kushughulikiwa wakati matibabu yameshaanza. Kama ni usiku na mvua imekata barabara, piga simu kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji chenu au kwenye zahanati ya karibu uulize mahali dawa zilipo, kabla ya kuanza kutembea.